Uhakiki wa tafiti za saikolojia na fedha ya mkulima

MKULIMA wa mpunga wa Mwaya, wilayani Kyela mkoani Mbeya, hana sababu ya kusoma majarida ya saikolojia. Hata hivyo, wanaopanga mikopo na ruzuku za pembejeo hutumia tafiti zinazoeleza jinsi binadamu anavyoamua kuhusu fedha yake.

Kabla ya kuchapishwa, tafiti hizo hupitia uhakiki wa wanataaluma wenza. Mhariri wa jarida hupeleka andiko kwa wataalamu wawili au watatu wa fani husika, ambao kwa kawaida majina yao hayatajwi. Hao hupima mbinu, takwimu na hitimisho, kisha hupendekeza likubaliwe, lirekebishwe au likataliwe.

Mfano wa karibu unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walibaini kuwa karibu wakulima wote wa mahindi walioshiriki katika mashamba ya majaribio walisema wangetumia mbolea msimu uliofuata. Waliotimiza walizidi kidogo theluthi moja. Maelezo yao yalikuwa ya kisaikolojia: mtu huahirisha ununuzi hadi fedha ya mavuno inakwisha.

Walipouziwa mbolea mara baada ya mavuno, kwa bei kamili lakini wakipelekewa bila malipo, matumizi yaliongezeka kwa kati ya asilimia 47 na 70. Matokeo hayo, yaliyochapishwa katika American Economic Review mwaka 2011, yalikaribiana na ya punguzo la nusu bei lililotolewa baadaye. Kwa hazina ya serikali, tofauti ya gharama ni kubwa.

Pamoja na hayo, uhakiki si kinga kamili. Wahakiki hawarudii majaribio, na mara nyingi hawaoni takwimu ghafi. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha matokeo ya kurudiwa kwa tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoyapata tena.

Sera ikijengwa juu ya utafiti dhaifu, anayelipa hasara ni mlipakodi na mkulima. Kwa sababu hiyo, mafanikio ya mahindi ya Busia hayatoshi kuwa kanuni kwa mpunga wa bonde la Kyela, ambako mvua za masika huleta mafuriko. Jaribio dogo mahali penyewe hugharimu kidogo kuliko mpango mzima ulioshindwa.