Mpishi wa Marka

Wanafunzi wa ualimu, ukiwauliza ni nani aliyeikomesha ndui, hujibu upesi: Mwingereza Edward Jenner, mwaka 1796. Jibu hilo nililipa nusu ya alama. Jenner alionyesha njia, lakini ndui iliendelea kuua kwa zaidi ya miaka 180 baada yake.

Mtu wa mwisho kuugua ndui ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, Somalia. Mji huo uko pwani, jirani na Barawa, kwa ndugu zetu wasemao Chimwini. (Nasema ya asili kwa sababu mwaka 1978 virusi vilimwua mama mmoja huko Birmingham, Uingereza, penye maabara iliyovihifadhi.) Mwezi Oktoba 1977 waliletwa hospitalini watoto wawili wenye ndui, na Maalin akapanda gari lao kumwonyesha dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Mmoja wa watoto hao, msichana wa miaka sita, alifariki.

Maalin alikuwa kijana wa miaka 23, na chanjo ilikuwapo pale pale kazini kwake. Aliikwepa, na baadaye alisema mwenyewe kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Homa ilipompanda ilidhaniwa kuwa malaria, kisha tetekuwanga. Naye alikuwa mtu wa watu, marafiki wakamiminika kumjulia hali.

Ndui haina mnyama wa kujificha ndani yake. Ikikosa mwanadamu, imekwisha. Basi watu 161 waliomkaribia wakatafutwa mmoja mmoja, na katika majuma mawili wakachanjwa watu zaidi ya 50,000 mjini humo na kandokando yake. Wengi wa wale wageni wake walikuwa tayari na kovu begani. Hakuambukizwa hata mmoja. Yule aliyeikimbia sindano alizungukwa na watu ambao hawakuikimbia, na kwa ajili yao hakumwua rafiki yeyote.

Maalin alipona. Mwezi Mei 1980 ilitangazwa rasmi kwamba ndui imetoweka duniani, na ndiyo maana wajukuu wetu hawana kovu lile. Yeye baadaye akajitolea katika kampeni za polio, akiwasimulia wazazi wenye wasiwasi habari zake mwenyewe. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alitoka tena kwenda kazini, akashikwa na malaria, akafa mwezi Julai.