Châteauneuf-du-Pape: Divai Iliyolindwa kwa Mipaka

Ukitoka Avignon kuelekea Orange, kusini mwa Ufaransa, utaona magofu ya ngome juu ya kilima, karibu na mto Rhône. Ngome hiyo ilijengwa na Papa Yohane XXII katika karne ya 14. Makao ya Mapapa yalikuwa yamehamia Avignon tangu 1309, naye alitaka mahali pa kupumzikia nje ya mji. Ndiyo maana divai ya Châteauneuf-du-Pape husifiwa kuwa urithi wa Mapapa. Sifa hiyo ni nusu ya habari. Kwa karne nyingi kijiji cha hapo kiliitwa Châteauneuf-Calcernier, kwa ajili ya chokaa iliyochomwa hapo, na jina la Papa lilikuja kuwa rasmi mwaka 1893 tu. Walioipa divai hiyo heshima yake ya leo ni wakulima.

Ardhi yenyewe inashangaza. Katika mashamba mengi huoni udongo, bali mawe laini ya mviringo yaliyosombwa na Rhône ya kale kutoka milima ya Alps. Mchana hufyonza joto la jua, usiku huliachia taratibu, na chini yake unyevu hukawia kukauka. Hata hivyo, si kila shamba lina mawe: Château Rayas, mojawapo ya majina makubwa ya hapo, limepandwa juu ya mchanga. Juu ya yote huvuma mistral, upepo mkali wa kaskazini unaokausha majani na kuzuia ukungu. Mizabibu mingi ya grenache, aina inayotawala eneo hili, hukatwa iwe vichaka vifupi ili istahimili upepo huo.

Karne ya 19 ilileta msiba. Mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyeingia na miche kutoka Marekani, alianza kushambulia mizizi. Madhara yake yalionekana mapema kule Pujaut, ng'ambo ya mto, mwaka 1863. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, mtaalamu wa mimea kutoka Montpellier, na wenzake walimgundua kwenye mizizi, lakini wakati huo mashamba yalikuwa yanakufa. Dawa ilitoka kulekule ulikotoka ugonjwa: mizabibu ya Kifaransa ilibebeshwa kwenye mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu. Huko Château La Nerthe, Joseph Ducos alipanda upya kwa kuchanganya aina nyingi za zabibu.

Wahenga walisema chema chajiuza. Tatizo la Châteauneuf ni kwamba chema chao kiliuzwa na wengine pia. Mapipa mengi yalipelekwa Burgundy kuongezea nguvu divai za huko, na wakati huohuo wafanyabiashara walibandika jina la kijiji kwenye divai za kwingine. Mwaka 1923 wakulima waliunda chama chao chini ya Baron Pierre Le Roy, mwanasheria aliyekuwa rubani katika Vita vya Kwanza vya Dunia na mwenye Château Fortia. Waliandika masharti: mipaka ya eneo, aina za zabibu zinazokubalika, kiwango cha chini cha kileo, na kutupa zabibu mbovu wakati wa mavuno. Kuhusu mipaka, walitumia kipimo cha mkulima: ardhi iwe kame kiasi cha kuotesha lavenda na thaimu. Aliyejua shamba lake hakuhitaji maabara.

Le Roy alishiriki kuanzisha taasisi ya taifa ya majina ya asili ya divai mwaka 1935, na mwaka uliofuata Châteauneuf-du-Pape ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kutambuliwa kisheria. Ulinzi wa mipaka ukawa desturi kiasi kwamba mwaka 1954, Ufaransa ilipojaa uvumi wa visahani virukavyo, meya alipiga marufuku vyombo hivyo kuruka juu ya kijiji au kutua humo.

Ngome ya Papa ililipuliwa na Wajerumani mwaka 1944, ikabaki kipande tu. Chupa nyingi za hapo zimechongwa taji la Papa na funguo za Mtakatifu Petro, alama iliyoanza mwaka 1937. Nembo ni ya Papa, lakini divai inayostahili kuwekwa ndani ya chupa hizo bado huamuliwa na masharti ya wakulima.