Mwasumini na Mkilua: Safari za Kiambishi Kimoja

Vipo vichaka viwili vyenye majani mabichi mwaka mzima, ambavyo maua yake wanawake wa mwambao wameyafunga pamoja katika kikuba kwa vizazi vingi: asumini na kilua. Majina yao yamesafiri kwa njia zinazopishana.

Asumini ni mgeni. Neno limetoka Kiajemi, likapitia Kiarabu, likatua kwetu. Mmea wenyewe umetoka kusini mwa Asia. Linnaeus aliuorodhesha mwaka 1753 kwa jina Nyctanthes sambac, na mwaka 1789 Aiton akauingiza katika jenasi ya Jasminum. Kwa kuwa ni nadra kuzaa mbegu, haukuenezwa na ndege wala upepo. Watu waliusafirisha na kuuotesha kwa vipandikizi. Ulipofika, Kiswahili kiliupa kiambishi, kama kilivyoupa mwaridi: ua likabaki asumini, mti ukawa mwasumini.

Mkilua ni mwenyeji. Asili yake ni mwambao wa Kenya na Tanzania. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, alipouelezea kisayansi, hakuazima jina la Kigiriki. Jenasi aliiita Mkilua, na spishi Mkilua fragrans, yaani mkilua wenye kunukia. Alilichukua neno zima, pamoja na kiambishi chake. Basi m- ileile iliyomkaribisha mgeni ndiyo iliyomsindikiza mwenyeji hadi katika orodha za Kilatini.

Huku Kikuyu, Dodoma, mvua ni takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mkilua umezoea unyevu wa pwani. Mwasumini huweza kuishi hapa, lakini kwa mkono wa mtu: jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji, matandazo ya majani makavu shinani, na umwagiliaji kiangazi chote. Baada ya kuchanua hupogolewa, kwa sababu maua huja kwenye machipukizi mapya.

Ninayasema haya kwa ajili ya washairi. Asumini huvutia kwa kina chake cha -ni, kina chepesi kuliko vyote, na mara nyingi huingizwa katika ubeti na mtu asiyewahi kulinusa ua hilo. Ndipo tunaposoma kwamba asumini limefumbuka kwa jua la asubuhi, ilhali hufumbuka jioni, hunukia usiku, na kwa kawaida huanguka kabla ya siku ya pili kwisha. Kilua nacho kinazidi kubaki kamusini, kikifasiliwa kuwa ua lenye harufu nzuri tu. Neno likikosa mtu anayekijua kitu chake, hubaki sauti. Mwenye mwasumini na akate vipandikizi, ampe jirani. Mwenye mkilua na amfundishe mtoto jina lake.