Kalamu ya Binti Sultani (Sehemu ya Tatu)

Wiki jana tuliachana na wapagazi wa Kinyamwezi wakitoka Tabora, pembe za ndovu mabegani, miezi mitatu ya mguu kupitia Ugogo na Mpwapwa mpaka Bagamoyo. Ukaniuliza: Ugogo na Mpwapwa vinahusiana nini na mapenzi?

Vinahusiana, msomaji wangu. Sana.

Pembe zile zilivushwa hadi Unguja, na utajiri wake ukavuta wafanyabiashara wa mbali. Wengine walitoka Hamburg. Mmoja wao, kijana Heinrich Ruete, akapata nyumba mjini.

Unadhani jirani yake alikuwa nani?

Sayyida Salme! Binti wa Sultani Said, dada wa Sultani Majid. Paa la kijana lilikuwa chini ya la binti. Kijana akiwa na wageni wake, binti anawaona wote kutoka juu.

Macho yakakutana. Mengine unayajua.

Lakini usidhani huyu alikuwa mwanamwali wa kukaa dirishani tu. Wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri: akauweka Msahafu mbele yake, akanakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Na kalamu hiyo ilishamtia matatani. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua Majid. Nani aliandika barua za njama? Salme, msichana wa miaka 15!

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, dada zake wakamvisha vazi la kike wakampitisha katikati yao. Akakimbilia shamba moja liitwalo Marseille. Njama ikavunjika, naye akapelekwa Bombay. Salme akabaki Unguja, ndugu wengi wakimtazama kwa jicho baya.

Jina hilo Marseille halinitoki kichwani. Ni jina la mji wa kusini mwa Ufaransa; huko, karne ya 12, wanawake wa makabaila walitunga mashairi ya mapenzi waziwazi. Comtessa de Dia ni mmojawapo, na tungo yake moja ndiyo pekee ya washairi wale wanawake iliyobaki pamoja na muziki wake. Naipenda sana habari hii. Mwanamke anasema nampenda fulani, na karne nane baadaye bado tunamsikia!

Salme angemwambia nani? Kaka yake Sultani?

Maana sasa, shika moyo, ni Agosti 1866 na Salme ni mjamzito. Baba wa mtoto si Mwislamu. Ikijulikana, ni roho yake. Mpango wa kwanza wa kutoroka umeshaharibika, na tumbo halingoji mtu.

Usiku wa Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili, ukafika. Wanawake wa mji wanashuka pwani kuoga, kama ada. Nani atamshuku mwanamke anayekwenda baharini usiku huo?

Salme naye akashuka. Nje ya bandari imetia nanga manowari ya Kiingereza, Highflyer. Mashua yake imeshatumwa ufukweni.

Watumishi wanaomfuata wanajua wanakwenda kuoga tu. Hawakuambiwa zaidi.

Wakiwaona mabaharia wa Kizungu wanamngoja bibi yao, watanyamaza? Na mmoja wao akipiga ukelele, askari wa Majid wako umbali gani?

Itaendelea wiki ijayo.