Mbwaa na Pate: Asili, Kabila na Uraia

Kibirichia ni wadi ya eneo bunge la Buuri, kaskazini mwa Mlima Kenya, na sifa yake kubwa ni viazi. Wenyeji wake wengi ni Wameru wa Imenti, watu wa nyanda za juu ambao bahari iko mbali nao kwa mamia ya kilomita. Hata hivyo, wazee wa Meru wamesimulia kwa vizazi kwamba babu zao walitoka kisiwa kiitwacho Mbwaa, walikotawaliwa na Nguo Ntuni, wavaa nguo nyekundu. Watawala hao waliwaamuru kufanya mambo yasiyowezekana, hadi kiongozi wao Koomenjue akawatorosha. Waliovuka maji usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana wakawa Njeru, weupe. Mgawanyo huo wa koo ungali unajulikana Imenti.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru, aliona kwamba Mbwaa ni Manda, kisiwa kilicho jirani na Lamu, na kwamba safari ilianza mapema katika karne ya 18. Maelezo hayo yana mvuto, lakini hayatoshi kueleza kabila zima. Kimeru ni lugha ya Kibantu iliyo karibu sana na Kiembu na Kikuyu, na waliofika mlimani walichanganyika na waliowatangulia. Igembe, Tigania, Imenti, Igoji, Mwimbi na Muthambi walikuwa na uongozi wao wenyewe na hata walipigana. Chuka na Tharaka wana masimulizi mengine ya asili. Kuwekwa pamoja kiutawala kulianza mwaka 1908, E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alipofungua kituo cha serikali ya kikoloni. Baadaye serikali hiyo ililitambua baraza la wazee la Njuri Ncheke. Kwa hiyo umoja wa Wameru una mizizi miwili: kumbukumbu ya kisiwa na mpaka wa wilaya.

Ng'ambo ya mkondo kutoka Manda kuna kisiwa cha Pate, ambako masimulizi mengine ya asili yanawahusisha baadhi ya watu na China. Inasemekana merikebu ya Kichina ilivunjika karibu na Shanga, mabaharia wakaogelea hadi pwani, wakamuua joka lililowasumbua wenyeji, wakapewa ruhusa ya kukaa. Walisilimu, wakaoa, na wazao wao wakaishi Siyu. Wengi huhusisha tukio hilo na safari za amiri Mchina Zheng He za kati ya 1405 na 1433. Mwaka 2013 watafiti walipata huko Manda sarafu ya mfalme Yongle, aliyemtuma Zheng He. Lakini sarafu na vyungu husafiri na biashara, navyo havithibitishi ndoa wala uzao. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia waliotoka zaidi Uajemi na kwa kiasi Bara Hindi.

China yenyewe iliyapokea masimulizi ya Pate kwa furaha. Mwaka 2005, miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, msichana kutoka kisiwani humo alipewa ufadhili wa masomo nchini China. Heshima hiyo haikumfanya raia wa China, na ni vema isichanganywe na uraia. Familia hizo ni Waswahili na Waislamu, na ni Wakenya kama Wameru wa Kibirichia walivyo, masimulizi ya merikebu au ya Mbwaa yathibitishwe au yasithibitishwe.

Serikali za China zimewahi kutazama uraia wa watu wenye asili ya China kwa macho tofauti. Sheria ya mwaka 1909 ya utawala wa Qing ilimhesabu mtoto wa baba Mchina kuwa raia popote alipozaliwa. Mamilioni ya Wachina wa Asia ya Kusini-Mashariki wakajikuta na uraia wa nchi mbili, na serikali za huko zikawatilia shaka. Wakati wa mkutano wa nchi za Asia na Afrika huko Bandung mwaka 1955, China na Indonesia zilitia saini mkataba wa kuwataka wenye uraia wa nchi hizo mbili wachague mmoja. Sheria ya mwaka 1980 ikasema wazi kwamba China haitambui uraia wa nchi mbili.

Kenya ilipita njia nyingine. Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtoto yeyote ambaye baba au mama yake ni Mkenya. Kwa hiyo mtoto wa mama Mmeru na baba Mchina aliyekuja kufanya kazi kwa muda ni Mkenya tangu siku ya kuzaliwa. Kwa sheria ya China pia anahesabiwa Mchina, kwa kuwa baba yake hakuhamia Kenya kwa kudumu. Lakini China haitatambua uraia wake wa Kenya.