Nusukaputi: Zaidi ya Usingizi

Hospitalini wengi husema usingizi: dawa ya usingizi, daktari wa usingizi. Kamusi zina neno jingine, nusukaputi. Nusu inajulikana, kaputi wengi huihusisha na kaputt ya Kijerumani, yaani iliyoharibika. Ganzi ni jambo tofauti, kwani hapo hufa hisi ya sehemu tu ya mwili na mgonjwa anaweza kupiga soga na daktari.

Wagonjwa hupenda neno usingizi, na siwalaumu. Nani anataka kuambiwa atafanywa nusu kaputi? Ila usingizi wa kitandani huvunjwa hata na mbu. Nusukaputi huunganisha mambo matatu: fahamu hupotea, maumivu hayasikiki, misuli hulegea. Hilo la tatu husahaulika, nalo ndilo zito kwenye upasuaji wa moyo kwa roboti.

Mwaka 1998, jijini Paris, daktari mpasuaji Alain Carpentier alitumia roboti kurekebisha vali ya mitrali, mojawapo ya vali za moyo. Katika upasuaji wa aina hii, daktari mpasuaji huketi kando ya chumba akiongoza mikono ya mashine, na vifaa hupenya matundu madogo katikati ya mbavu. Mgonjwa akikohoa, chuma kiko jirani na moyo. Ndiyo maana daktari wa usingizi hapimi fahamu peke yake. Hupima pia ulegevu wa misuli mpaka vifaa vitolewe.

Kazi nyingine ya daktari wa usingizi ni mapafu. Vali ya mitrali hufikiwa kwa upande wa kulia, hivyo pafu la kulia hunyimwa hewa ili linywee. Mgonjwa huwekewa mpira wenye njia mbili, kila pafu na njia yake, kisha kamera nyembamba huchungulia kama umekaa sawasawa. Kaboni dioksaidi husukumwa kifuani kupanua nafasi. Ikizidi, damu hupata taabu kurudi moyoni, presha hushuka, na daktari wa usingizi hutaka gesi ipunguzwe mara moja. Vibandiko vya kushtua moyo hubandikwa ngozini mapema, maana vile vibao vinavyogusa moyo wenyewe havipiti kwenye matundu hayo.

Kwa upumuaji huo, pafu moja likiwa limenyimwa hewa, napendekeza jina “kupumulia pafu moja”. Kazi nzima ya daktari wa usingizi iitwe “uangalizi wa nusukaputi” vitabuni. Kitandani kwa mgonjwa, yeye aendelee kuitwa daktari wa usingizi.