Kisunzi na Sikio la Ndani

Mtu ainuka kitandani kwa swala ya alfajiri, mara kuta zikamzunguka, akashika mlango asianguke. Nyumbani hupita maneno: huyu ana presha, mwengine husema, amepitiwa na upepo mbaya. Kisunzi, au kizunguzungu, kimewababaisha watu tangu zamani, na matabibu wakubwa pia.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 (428 Hijria), alikieleza katika Al-Qanun fit-Tibb. Alipambanua mambo mawili ambayo sisi twayachanganya: duwari, yaani mtu kuona vitu vyazunguka, na sadari, yaani kuingiwa na kiza machoni asimamapo. Hata leo daktari hodari huanza kwa kuuliza hayo. Lakini asili ya duwari aliitafuta katika mivuke ya ubongoni, kwani elimu ya zama zake ilikomea hapo.

Ulaya nako, hata katika karne ya 19, mgonjwa wa namna hii alidhaniwa amejaa damu kichwani, akaumikwa. Mwaka 1861 Prosper Ménière, tabibu wa chuo cha viziwi mjini Paris, alisema kuwa asili yake yaweza kuwa sikio la ndani. Alifariki mwaka wa pili yake. Kisha Robert Bárány wa Vienna akaona kuwa maji baridi yakitiwa sikioni macho hucheza upande mmoja, na ya moto upande mwengine. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya 1914; habari ilimfikia akiwa mateka wa vita Urusi.

Sasa yajulikana kuwa sababu iliyoenea sana ni vijiwe vidogo vya chokaa vya sikioni, vinavyobanduka vikaingia katika mifereji yake. Mtu akijigeuza kitandani, au akisujudu, hushikwa kwa muda usiotimia dakika, kisha hutulia. Mwaka 1952 Dix na Hallpike walieleza namna ya kuthibitisha: mgonjwa hulazwa kwa haraka, kichwa kimegeuzwa upande, na tabibu hutazama macho yanavyotikisika. Hapana haja ya kupigwa picha. Baadaye John Epley wa Marekani akabuni njia ya kukigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe vitoke.

Kisunzi cha masaa, pamoja na mvumo na uziwi wa sikio moja, ndicho kile cha Ménière. Lakini kikija na ulimi mzito, mkono kulegea au kuona viwili viwili, hicho chaweza kuwa kiharusi. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, asingojeshwe kufukizwa ubani. Kisomo atasomewa njiani.